Kufuga kuku mchanganyiko nyumbani kwenye baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Mwezi wa saba wa mwaka wangu wa kwanza wa kufuga, hapa Mafinga, niliamka usiku kwa kusikia kuku wanakoroma. Haukuwa mlio wa kuogopa kicheche. Ulikuwa ule wa kifua kilichojaa, kama mtoto mwenye mafua. Nikachukua tochi nikaenda bandani. Nilipofungua mlango macho yaliniwasha mpaka yakatoa machozi. Nikamulika juu: bati kwa ndani lilikuwa limejaa matone kama mfuniko wa sufuria ya ugali, na kila baada ya muda tone lilidondoka mgongoni mwa kuku. Nilikuwa nimeziba kila upenyo kwa viroba na nailoni, nikiamini nawakinga na baridi. Kati ya kuku 34, wiki ile nilizika 11.

Asubuhi nilimwita mama mmoja jirani yangu aliyefuga kuku tangu usichana wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za kuku wako nimezisikia." Akaingia, akanusa, akatoka haraka. "Hawa hawakufa kwa baridi. Umewafungia na mvuke wao wenyewe. Kuku ana blanketi lake mwilini. Wewe mpe hewa, mnyime upepo tu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifundisha kufuga. Maelekezo mengi ya ufugaji yameandikwa kwa kufikiria Dar es Salaam au Morogoro, ambako adui ni joto. Huku kwetu, kuanzia Mufindi na Njombe hadi Makete, Uyole na Tukuyu, adui ni unyevu uliofungiwa ndani pamoja na upepo unaopita usawa wa mgongo wa kuku. Tena wengi wetu hatufugi kuku wa aina moja. Tuna kienyeji wachache wa kurithi, chotara walionunuliwa, na yule mweusi aliyeletwa na shemeji. Hapa naeleza namna ya kuwaweka hao wote uwanja mmoja, kuku 20 hadi 40 hivi, bila kupoteza nusu kila mwaka.

Hatua ya 1: Amua nani atakaa na nani

Anza kwa kujua kila aina inatoa nini na inataka nini, kwa sababu ukichanganya bila kufikiri, aina moja itakula chakula cha nyingine.

Kuku wa kienyeji ndiye msingi. Hutaga kidogo, mayai 40 hadi 60 kwa mwaka kwa matunzo ya kawaida, lakini anaatamia, analea, anaona mwewe kabla wewe hujamwona, na anajitafutia. Usikubali mtu akuambie uwaondoe wote. Matetea wanne au watano wa kienyeji ndio mashine yako ya kutotolesha isiyohitaji umeme.

Chotara kama Sasso, ambaye asili yake ni Ufaransa, na Kuroiler wa India, hukua haraka na kutaga mara tatu au nne ya kienyeji ukiwalisha vizuri. Kasoro yao ni kwamba hawaatamii kwa uhakika, wana ulafi, na ni wazito hivyo hawakimbii hatari upesi. Ukiangua mayai yao, vifaranga hawatakuwa nakala ya wazazi. Wengine watakuwa wakubwa, wengine wadogo, wengine watachelewa kutaga. Ukitaka chotara wa kweli tena, nunua vifaranga wapya kwa mtotoleshaji anayeaminika.

Kuku wa Malawi, yule mweusi ambaye juani manyoya yake hung'aa kijani, asili yake ni Australia, ila huku ametufikia kupitia kwa majirani zetu wa Malawi ndiyo maana akapewa jina hilo. Kwa mazingira yetu mimi ndiye ninayempenda kuliko wote. Ni mpole, manyoya yake ni mengi, na hutaga vizuri hata asubuhi zikiwa na ukungu.

Kuchi ni mrefu, mwenye misuli, nyama yake inatafutwa. Lakini jogoo wa kuchi ni mgomvi. Kama unaye, awe mmoja tu na majogoo wengine wasikae naye.

Kishingo, asiye na manyoya shingoni, na kidimu, mwenye manyoya yaliyojikunja, ni kuku wazuri sana wa Kyela, Pawaga na Usangu kwenye joto. Mwili wao hupoteza joto upesi, na huko chini hilo ni faida. Huku juu Juni na Julai wanateseka. Nimemwona kishingo wa jirani akisimama juani mpaka saa tano ndipo aanze kuchakura. Kama unao tayari watunze, lakini usiende kuwanunua kwa ajili ya Njombe.

Kuku wa mayai wa kisasa na broila waache nje ya mchanganyiko huu. Wanataka chakula chao, mwanga wao na banda lao.

Kwa kuku 30 mimi hupanga hivi: chotara 12, Malawi 10, kienyeji 5, na majogoo 3. Jogoo mmoja kwa matetea 8 hadi 10 anatosha. Jogoo wa chotara anaweza kupita kilo nne, na akimpanda tetea mdogo wa kienyeji kila siku atamchana mgongo. Ndiyo maana majogoo wangu ni wa Malawi na kienyeji, na majogoo wa chotara huwauza wakiwa na miezi minne au mitano.

Hatua ya 2: Jenga banda linalopumua

Hapa usiwe na haraka. Makosa ya banda utayalipa kila mwaka.

Kwa kuku 30 jenga mita 3 kwa 3 angalau. Utaambiwa kwamba eneo hilo linatosha kuku 50, na pengine kwa mahali pakavu ni kweli. Lakini kwetu mvua inaanza Novemba na kwenda mpaka Aprili au Mei, na kwa wenzetu wa Rungwe hata zaidi. Kuna siku kuku hawatoki kabisa. Kuku watatu au wanne kwa mita moja ya mraba ndio wanaoweza kushinda ndani bila kudonoana.

Chagua mahali palipoinuka, maji yasituame. Inua sakafu sentimita 30 juu ya ardhi, iwe ya saruji au ya udongo ulioshindiliwa vizuri. Upande mmoja wa banda uelekee kaskazini na mwingine kusini, na likiwa refu hizo ndizo ziwe pande ndefu, ili jua la asubuhi na la jioni lisichome ndani lakini mwanga uingie.

Sasa ukuta. Upepo wetu wa baridi mara nyingi unatoka kusini-mashariki. Upande huo jenga ukuta kamili, matofali au mabanzi, hadi karibu na paa, kisha acha upenyo wa sentimita 15 hadi 20 chini ya mapaa uliozibwa kwa wavu tu. Upande wa pili, wa kaskazini, ukuta uishie mita moja, na kuanzia hapo hadi juu iwe wavu. Hewa chafu na mvuke hupanda juu na kutokea kule kwenye upenyo, na upepo ukiingia hupita juu ya vichwa vya kuku waliolala.

Kwenye wavu wa upande wa kaskazini weka pazia la viroba vilivyoshonwa. Wengi hulitundika kutoka juu kama pazia la dirisha la nyumba, na hapo ndipo wanapokosea. Pigilia ukingo wa chini kwenye ukuta, kisha ulivute kwenda juu kwa kamba. Hivyo usiku wa baridi kali unaweza kulipandisha karibu lote na bado ukabaki upenyo juu, upana wa kiganja. Upenyo huo usiuzibe hata siku moja, hata theluji ikianguka Kitulo.

Mabanzi ni baraka ya watu wa Mufindi. Viwanda vya mbao vinavyotegemea msitu wa Sao Hill huyatoa kwa bei ndogo kuliko mbao. Ila yabandue magamba kwanza. Nilipobandua gamba la banzi moja la zamani nilikuta chini yake utitiri umejipanga kama vumbi jekundu linalotembea. Mchana hujificha humo, usiku hutoka kunyonya damu ya kuku. Banzi lisilo na gamba huwanyima maficho.

Paa la bati ni zuri kwa mvua, ila ndilo linalotoa yale matone. Chini ya bati funga dari jepesi la mianzi au mkeka, ukiacha nafasi pembeni ili hewa ipite. Mianzi iliyozeeka kwenye mashamba ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, inafaa kabisa. Paa la nyasi halidondoshi maji lakini huficha utitiri na panya, nalo huoza upesi kwenye mvua zetu. Vyovyote vile paa litokeze nje ya ukuta sentimita 60 au zaidi.

Vichanja vya kulalia hukosewa sana kwenye kundi mchanganyiko. Kienyeji hupenda kulala juu kabisa, na chotara mzito akimfuata huko, asubuhi anaruka kutoka mita moja na nusu na kuumiza nyayo, zinavimba na kutunga usaha. Weka vichanja vyote kimo kimoja, sentimita 50 kutoka chini, ili pasiwe na juu pa kugombania. Kila kuku apate sentimita 20. Mti uwe mnene kama mpini wa jembe, na kingo zake zilainishwe, kuku aweze kukaa juu ya vidole vyake na kuvifunika kwa manyoya. Viota viwe vya sentimita 35 kila upande, kimoja kwa matetea wanne au watano, kwenye kona yenye giza.

Sakafuni mwaga maranda ya mbao kina cha sentimita 10. Yasiwe maranda ya nguzo zilizotiwa dawa, maana dawa ile ni sumu. Geuza kwa reki kila baada ya siku mbili au tatu, ongeza makavu juu, na kuelekea miezi ya baridi kina kiwe kimefika sentimita 15 au 20. Maranda yanayooza taratibu yakiwa makavu hutoa joto lake yenyewe chini ya kuku. Kipimo ni mkono wako. Chota maranda, bana ngumi, fungua. Yakitawanyika taratibu, ni mazuri. Yakibaki donge, yamelowa: toa yale yaliyo chini ya chombo cha maji, ongeza makavu, na utafute maji yanaingilia wapi. Na ukiinama hadi kimo cha kuku ukapumua, ukisikia harufu ya kuchoma puani, wao wanaisikia usiku mzima.

Dhidi ya kicheche na nguchiro, wavu wa kawaida wa kuku hautoshi sehemu ya chini. Tumia wenye matundu madogo na uuzike sentimita 30 ardhini. Ua wa nje ukiwa wa mita moja na nusu utawazuia chotara, lakini kienyeji ataruka. Mkate manyoya marefu ya bawa moja tu, akose mizani.

Hatua ya 3: Lea vifaranga kana kwamba kila mwezi ni Julai

Kama unaweza kuchagua, nunua vifaranga Septemba au Oktoba. Joto limeanza kurudi na mvua haijafika. Vifaranga wa Juni wanakula mkaa kuliko chakula.

Wengi wetu hupokea maboksi ya vifaranga kwenye basi, yakitoka Iringa, Mbeya au Dar es Salaam. Washa joto muda wa saa tatu kabla hawajafika. Tengeneza duara kwa maboksi magumu au bati jembamba, la kipenyo cha mita 1.2 kwa vifaranga 50, halafu ulipanue kila wiki. Duara ni kwa sababu: penye kona vifaranga hurundikana na kukanyagana hadi kufa.

Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi joto 32 hadi 35 za Selsiasi usawa wa migongo yao, kisha unapunguza nyuzi tatu hivi kila wiki. Kwa watu wa Morogoro joto la wiki tatu linatosha. Huku kwetu hesabu nne hadi sita, na usiku ndiyo muhimu. Wenye umeme wa uhakika watumie balbu. Wengine tunatumia jiko la mkaa, na hapa sikiliza vizuri: mkaa uwashwe nje mpaka uwe mwekundu wote na moshi uishe, ndipo uingizwe, na upenyo wa juu wa chumba uwe wazi. Moshi usioonekana wa mkaa unaua vifaranga na unaua watu. Usilale chumba kimoja na jiko hilo. Chungu cha udongo kilichofunikwa juu ya makaa hutunza joto muda mrefu na huzuia cheche.

Kama huna kipimajoto, vifaranga watakuambia. Wakirundikana chini ya joto wakilia, wana baridi. Wakisimama pembeni kabisa midomo wazi, wamezidiwa. Wakikusanyika upande mmoja tu, kuna upepo unaingia upande wa pili. Wakitawanyika na wengine wamelala wamejinyoosha, acha hivyo hivyo. Njia yangu nyingine ni kumchukua kifaranga mmoja na kugusisha miguu yake shavuni kwangu. Miguu ikiwa ya baridi, hata kama hewa ya juu inaonekana ina joto, sakafu inamnyonya, kwa hiyo naongeza maranda.

Wakifika wape kwanza maji ya uvuguvugu yenye glukosi, chakula kifuate baada ya saa moja au mbili. Jioni ya siku ile ya kwanza papasa vifuko vya chakula shingoni: kifaranga aliyekula ana kifuko laini kilichojaa. Aliye mtupu mtenge, mchovye mdomo kwenye maji, mwonyeshe chakula.

Hatua ya 4: Wakutanishe taratibu

Usichanganye umri. Kuku mkubwa hubeba vijidudu ambavyo yeye vimemzoea, vikimwingia mdogo vinamuua, na zaidi ya hapo wakubwa watamdonoa. Wadogo wakae peke yao mpaka wafikie angalau theluthi mbili za ukubwa wa wenzao.

Kuku yeyote mgeni, wa mnadani au wa zawadi, akae mahali pake siku 21. Najua ni vigumu kumwambia shemeji aliyekuletea jogoo wa heshima kwamba jogoo huyo hataingia bandani. Mweleze kwa upole, ataelewa. Ugonjwa wa mdondo vijijini mara nyingi huingia kwa njia hiyo hiyo ya upendo.

Siku ya kuwaunganisha ikifika, waweke kwanza pande mbili za wavu mmoja kwa wiki moja, waonane bila kugusana. Kisha wapandishe vichanjani usiku wakiwa wamesinzia. Asubuhi ongeza vyombo vya chakula na uvitenganishe mbali, maana chotara akisimama kwenye chombo kimoja hamruhusu kienyeji. Kwa kuku 30 weka vyombo vitatu vya chakula na viwili vya maji. Ning'iniza kabichi kimo cha shingo zao wawe na kazi ya kudonoa. Akitokea kuku mwenye kidonda, mtoe siku hiyo hiyo, kwa sababu wakishaona damu hawaachi.

Hatua ya 5: Chakula kimoja, chokaa pembeni

Kosa la kawaida kwenye kundi mchanganyiko ni kuwapa wote chakula cha kuku wanaotaga. Chakula hicho kina chokaa nyingi, na chokaa hiyo huwaumiza figo wale wanaokua na majogoo. Changanya chakula cha wote bila chokaa ya ziada, kisha weka chokaa ya mifugo au maganda ya mayai yaliyochomwa na kusagwa kwenye kopo lake. Tetea anayetaga atalifuata mwenyewe.

Kwa kilo 100 mimi huchanganya mahindi yaliyoparazwa kilo 45, pumba za mahindi 22, mashudu ya alizeti 20, dagaa 10, unga wa mifupa 2, chumvi nusu kilo, na virutubisho vya pakiti kama vilivyoelekezwa, robo hadi nusu kilo. Vifaranga wa chini ya wiki nane wasipewe huu. Wanunulie chakula chao cha kuanzia, maana mashudu yana nyuzinyuzi nyingi kwao.

Kabla ya kununua dagaa, chukua wachache utie kwenye glasi ya maji, ukoroge, usubiri. Mchanga utazama chini na utajua unalipia nini.

Kuku mzima hula gramu 110 hadi 130 kwa siku, na wakati wa baridi huongeza. Wakiwa wanatoka nje kuchakura, nusu ya kiasi hicho hadi theluthi mbili inatosha. Jioni kabla ya kulala warushie mahindi ya nafaka, konzi moja kwa kuku wawili au watatu. Mahindi yale husagwa tumboni usiku na kuwapa joto hadi alfajiri. Asubuhi za Juni wape maji ya uvuguvugu. Maji ya baridi kali hawanywi vya kutosha, na asiyekunywa hatagi.

Mambo matatu ya huku kwetu. Mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu, na ile desturi ya kusema "haya ni ya kuku" inaharibu maini yao polepole. Yateketeze. Viazi vyenye kijani au vilivyochipua pia ni sumu. Vile vizuri vichemshe kwanza. Na sasa kwa kuwa Njombe, Rungwe na Mufindi kote ni parachichi, usiwape kuku majani, maganda wala kokwa zake. Ndege hudhurika moyo kwa sumu iliyo humo.

Machicha ya komoni, pombe yetu ya kienyeji, wanayapenda. Yakaushe na uwape kidogo.

Hatua ya 6: Chanjo kabla ya huruma

Mdondo, wengine huuita kideri, ukiingia kwenye banda lisilochanjwa unaweza kufagia kundi lote ndani ya wiki, na hauna dawa. Chanjo yake ya tone la jicho aina ya I-2 inatengenezwa hapa nchini, inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, na tone moja kwenye jicho moja linamtosha kuku wa umri wowote. Rudia kila miezi mitatu. Chupa moja ina dozi nyingi, kwa hiyo panga siku moja na majirani, mgawane gharama. Na kama mtaa mzima umechanja, wa kwako wako salama zaidi.

Ratiba inayofuatwa na wengi ni hii. Mareksi, ugonjwa wa kupooza, siku ya kwanza, huko huko walikototoleshwa, na uulize kabla hujalipa. Mdondo siku ya 7, gumboro, ugonjwa unaoharibu kinga ya vifaranga, siku ya 14, mdondo siku ya 21, gumboro tena siku ya 28. Ndui wiki ya sita hadi ya nane, kwa sindano ya bawani. Baada ya hapo mdondo kila miezi mitatu. Afisa mifugo wa kata anaweza kuisogeza kulingana na hali ya eneo, msikilize.

Chanjo ya kunywesha usiitie kwenye maji ya bomba yenye klorini, kwa sababu klorini huiua. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, au ya mvua safi. Chanja kuku wazima tu.

Vifaranga wakinyong'onyea, mabawa yameshuka na kinyesi kina damu, hiyo ni koksidiosisi, na mara nyingi huchochewa na maranda yaliyolowa. Dawa ya amproliamu husaidia ukiiwahi, ila bila kubadili maranda itarudi. Kuku akivimba uso na kutoa makamasi yenye harufu, ni mafua. Mtenge, kisha mwite mtaalamu kabla ya kununua antibayotiki kwa kubahatisha. Ukitumia dawa yoyote, soma siku za kusubiri kabla ya kula au kuuza mayai, na uziheshimu.

Kwa chawa na viroboto tuna bahati, maana pareto inalimwa jirani. Maua yaliyokaushwa na kusagwa, changanya na majivu, weka kwenye beseni pana mahali pakavu. Kuku wataoga wenyewe. Mmoja mmoja wapake chini ya mabawa na kuzunguka mkia, usiku wakiwa wametulia.

Hatua ya 7: Tumia kienyeji kuangua

Tetea wa kienyeji mwenye kilo moja na nusu hufunika mayai yake 12 hivi. Ukimpa mayai makubwa ya Malawi, yasizidi 9. Huku kwetu yai la pembeni linalotokeza nje ya mwili wake hupoa na kufa, kisha kesho linaingia katikati na lingine linatoka, mwisho unapata viza vingi.

Chagua mayai yasiyozidi siku saba, safi bila kuoshwa, yahifadhiwe ncha kali ikiangalia chini. Kama matetea wawili au watatu wanaelekea kuatamia, yule wa kwanza mpe mayai mawili ya muda mpaka wenzake wakae, halafu wape wote mayai halisi usiku mmoja. Siku ya 21 wataangua pamoja, na unaweza kumpa koo mmoja vifaranga wa wawili alee, mwingine arudi kutaga. Siku ya 7 mulika mayai gizani kwa tochi: yenye mishipa kama utando wa buibui rudisha, yaliyo angavu yatoe.

Hatua ya 8: Punguza kundi mwezi Mei

Kabla baridi haijaingia, mshike kila tetea. Mgeuze, papasa ile mifupa miwili iliyochongoka karibu na tundu la kutagia. Vidole vitatu vikipita katikati, anataga. Vikipita viwili, tazama umri wake na umpe nafasi. Kikipita kimoja tu na ameshazidi mwaka mmoja na nusu, anakula bure, na kipindi cha baridi atakula zaidi. Muuze au mpike akiwa bado na nyama. Uza pia majogoo ya ziada.

Mimi huingia Mei na kuku 38 au 40 pamoja na watoto wa mwaka, natoka na 28. Maranda yote ya zamani nayatoa, nayarundika yaoze miezi mitatu kwa ajili ya bustani ya viazi. Naacha sakafu wazi siku mbili ikauke juani, napaka chokaa ukutani, nakagua kamba ya pazia, kisha namwaga maranda mapya, kina kile cha miezi ya baridi, kabla Juni haijaanza.